Maneno Sita ya Mama

4 Februari

Bwana Baridi, mdogo wangu,

Marahaba. Nimeipokea shikamoo yako ya kwenye simu ingawa ulikuwa unatafuna. Sasa acha kutafuna unisikilize. Kuanzia leo, mambo yote ya mtandao wa kampuni ya Mama tutaandikiana kwa karatasi na kutumiana kwa kifurushi. Usicheke. Hatujui nani ameshakaa ndani ya barua pepe zenu anazisoma, na sitaki kumchorea mwizi ramani ya nyumba kabla sijaweka milango. Kwenye simu tutasalimiana na kusengenya watu, basi.

Mchoro huu hapa. Nimeuchora na kuufuta mpaka meza yangu ya kulia imegeuka ofisi. Hivi sasa pale kwenu kila kitu kimeungana na kila kitu. Kompyuta ya mapokezi, printa, simu za madereva, kamera za getini, na vile vipimajoto vya vyumba vya baridi vya dawa, vyote viko kwenye waifai moja ambayo nywila yake imebandikwa ukutani juu ya birika la chai. Yaani mtu akimdanganya yule binti wa mapokezi abonyeze kitu kimoja tu, ameshafika mpaka chumba cha chanjo.

Kwenye mchoro nimeigawa kampuni sehemu tatu: ofisi peke yake, wageni peke yao, na vyumba vya baridi peke yake kabisa. Kati ya sehemu na sehemu nimeweka mlango mmoja wenye mashine inayokagua kila anayepita, na mashine hiyo haijui undugu. Kila mfanyakazi atakuwa na nywila yake, na kila akiingia itakuja namba nyingine kwenye simu yake. Akikosea mara kadhaa anafungiwa nje mpaka wewe umfungulie. Nimesema kila mtu.

Halafu kuna diski ya akiba, na hapo ndipo ilipo roho ya kazi yote. Unajua kuliko mimi kwamba dawa isiyo na kumbukumbu ya joto ni takataka, hata kama imekaa kwenye baridi safi mwaka mzima. Hospitali haiipokei na wakaguzi hawaachi itoke. Wezi wa siku hizi wanalijua hilo. Hawabebi kitu. Wanaingia, wanafunga kumbukumbu zako zote kwa kufuli lao, kisha wanakaa wanakusubiri uje na fedha kuwabembeleza. Kwa hiyo kila jioni mashine itaandika nakala ya kumbukumbu zote kwenye diski na kuifunga. Mashine itajua kufunga tu, kufungua haitajua. Kufungua ni mpaka mtu aandike maneno sita ambayo hayajaandikwa popote duniani. Yatakaa kichwani mwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Mama. Nani mwingine? Mwanamke anayekumbuka namba ya gari la mteja wake wa kwanza, siku za kuzaliwa za wafanyakazi wote na watoto wao, na kila jibu baya ulilompa ukiwa darasa la nne. Wafanyakazi hawamwiti Kompyuta bure.

Waite mafundi wa nyaya waanze.

Dada yako


19 Februari

Dada, shikamoo.

Mchoro umefika salama. Mafundi wa nyaya wamefika pia, na hao hawakufika salama: wametoboa dari juu ya mhasibu, vumbi lote likamshukia kichwani, akatoka nje akiwa mweupe kama mzimu na kuapa kwamba hatarudi. Amerudi. Sasa analalamika kwamba printa haimjui tena, baada ya miaka yote waliyofanya kazi pamoja. Kipara, yule dereva wa lori kubwa, ameniuliza namba inayokuja kwenye simu inatoka kwa nani na kama mke wake anaweza kuiona. Nimemwambia haina jina. Amesema hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Lakini kazi inakwenda. Kabati la seva sasa lina kufuli, na kile kikaratasi cha juu ya birika nimekibandua mwenyewe mbele ya watu wote.

Kuhusu maneno sita, Dada, nimefikiri sana. Kwa nini tusimwache Mama apumzike? Umri umekwenda. Masikio nayo yanamsumbua, ndiyo maana kwenye simu unamsikia akijibu ndiyo mwanangu, haya mwanangu. Nipe mimi hayo maneno. Au kaa nayo wewe. Au tugawane, matatu kwako na matatu kwangu, kama tulivyokuwa tunagawana soda.

Nilitaka kukueleza zaidi kuhusu Mama lakini si jambo kubwa. Ni masikio tu.

Mdogo wako


2 Machi

Bwana Baridi,

Nikupe wewe? Wewe ambaye nywila yako ya benki niliikuta imeandikwa kwenye kalenda ya jikoni, tena kwa kalamu nyekundu? Wee! Nakupenda, lakini wewe ndiye mtu wa kwanza mwizi atakayemtafuta. Unafungua barua za kila mtu, unamjibu kila mtu, unamhurumia kila mtu.

Na mimi pia sikai nayo. Hapa kazini kwetu wezi waliwahi kuingia kwa mteja kupitia kompyuta ya mchoraji wa mtandao mwenyewe, mwenzangu tuliyekuwa tunakaa meza moja. Alikuwa ametunza funguo za wateja wote aliowahi kuwafanyia kazi. Sitasahau uso wake. Nikaapa siku ile kwamba mtandao nitakaouchora mimi sitabaki na ufunguo wake. Kugawana matatu matatu ndiko kuwapa wezi milango miwili badala ya mmoja. Hapana.

Masikio hayahusiani na kichwa. Nimeongea na Mama jana, nikasema kwa sauti kubwa mpaka jirani yangu kagonga ukuta. Nimemwambia: Mama, chagua maneno sita yasiyohusiana, uyaweke kichwani. Usimwambie mtu yeyote, hata Bwana Baridi, hata akilia. Utaniambia mimi tu, nikija mwenyewe, uso kwa uso. Akacheka sana. Akasema, "Hata akilia." Akarudia tena, "Hata akilia." Nadhani alikuwa anakuona ulivyokuwa ukilia kila asubuhi ya shule.

Siku ya kuweka maneno, wewe utoke chumbani ufunge mlango. Aandike mwenyewe mara mbili. Baada ya hapo mfanye zoezi: ufute faili moja kwa makusudi, Mama afungue diski, faili lirudi. Zoezi hilo mtalifanya kila mwezi bila kukosa. Diski ambayo haijajaribiwa siihesabu kuwa ni diski.

Dada


17 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi sana. Sisi wazima. Huko kwenu baridi, nunua koti zito, usiwe unavaa vile visweta vyako.

Mdogo wako alitoka nje akafunga mlango, nikabaki na mashine peke yangu kama mwizi. Nimeyaweka. Ni maneno mazuri, utayapenda. Simwambii mtu, hata akilia. Ukija nitakwambia uso kwa uso kama ulivyosema.

Mdogo wako ananitunza lakini ananifuata kila mahali kama kifaranga. Nikienda msalani yuko nje. Muulize ana nini.

Huko baridi. Nunua koti zito.

Ni mimi mama yako


17 Machi

Dada, shikamoo.

Nimeweka barua ya Mama humu. Ameiandika kwa mkono wake.

Basi imefanyika. Nilitoka nje kama ulivyoagiza, nikasimama kwenye ukumbi nikijifanya nasoma tangazo la kizima moto. Alikaa ndani muda mrefu mpaka jasho likaanza kunitoka. Halafu nikamsikia anaimba. Alipofungua mlango alikuwa anatabasamu, akanipita, akaenda kumkagua mhasibu.

Zoezi nalo limefanyika jana. Nilifuta faili la vipimo vya chumba cha insulini. Mama akaandika maneno yake, tukasubiri, faili likarudi lote. Wafanyakazi wakapiga makofi. Mama akawaambia waache kelele, warudi kazini. Ilikuwa siku nzuri sana, Dada. Natamani ungemwona.

Mdogo wako


10 Mei

Bwana Baridi,

Nimenunua koti. La kijivu, zito, linafika magotini, nikilivaa nafanana na mlinzi wa benki. Mwambie Mama ameshinda. Kaniambia mara mbili kwenye barua moja! Nilicheka peke yangu kwenye ngazi, watu wakanipisha.

Nimeibandika ile barua juu ya meza yangu. Mwambie aandike nyingine.

Sasa tuongee kazi. Niambie zoezi la Aprili limekwendaje. Niambie pia kama kuna mtu ameongezewa ruhusa tangu tuanze. Watakujia na machozi: mimi nina haraka, mimi nasahau simu nyumbani, mimi ni wa siku nyingi hapa. Usimlegezee mtu hata mmoja. Mlango mmoja ukilegea, huo mchoro wangu wote ni karatasi ya kufungia vitumbua. Na usininunie, nakujua.

Mkataba wangu hapa unaisha mwakani. Nikimaliza narudi nyumbani moja kwa moja. Nataka nikute kampuni ya Mama imesimama na Mama mwenyewe kakaa kwenye kile kiti chake anafokea watu.

Dada


28 Mei

Dada, shikamoo.

Zoezi la Aprili limekwenda vizuri. La Mei pia. Ruhusa hajaongezewa mtu.

Mama hajambo. Mkono unamuuma kidogo kwa hiyo safari hii haandiki. Amefurahi kusikia habari ya koti.

Kazi ni nyingi, nisamehe kwa ufupi.

Mdogo wako


6 Agosti

Dada,

Asubuhi nilipokupigia nilisema tumeingiliwa, kisha sauti ikanikatika ukadhani ni simu. Haikuwa simu. Nilishindwa kusema kwa mdomo, basi ngoja niandike.

Mhasibu ndiye wa kwanza kufika. Akawasha kompyuta akakuta skrini nyeusi na maandishi mekundu. Akadhani ni mafundi wa nyaya tena. Alipokuwa ananiita, ya mapokezi nayo ikawa hivyo hivyo, halafu yangu. Nikakimbia kwenye vyumba vya baridi. Kule kumbukumbu za joto zote zimefungwa, za mwaka huu na za mwaka jana. Wanadai fedha ambazo hata tukiuza malori yote hatuzifikii. Dada, nilisimama katikati ya chumba cha chanjo, baridi yenyewe ipo, pumzi yangu naiona, maboksi yamepangwa kama kawaida, hakuna kilichoharibika hata kimoja. Na hakuna tena anayeweza kuthibitisha hivyo.

Waliingia kwa jina la Mama. Na aliyewafungulia ni mimi.

Si masikio, Dada. Mama anasahau. Ilianza mwaka jana, kabla hujaanza kuchora. Kwanza majina ya watu, kisha njia ya kutoka ofisini kwenda nyumbani, siku nyingine ananiita kwa jina la mjomba. Tulipotoka kwa daktari alinishika mkono kwenye gari, akanibana kweli kweli, akasema, "Dada yako asijue. Ataacha kazi arudi." Nikamwahidi. Kila ulipompigia simu mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake namnong'oneza. Ile barua ya Machi aliiandika mara nyingi, nikakutumia ile iliyonyooka kuliko zote.

Ukaja mchoro wako. Mama akawa anakosea nywila, anafungiwa. Nikimfungulia anakosea tena. Siku moja kakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, watu wote wanamwangalia, mashine ikamwandikia kwamba hana ruhusa. Yeye! Kampuni hii aliianza na friji moja sebuleni. Akageuka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nimefukuzwa?" Dada, nisingeweza. Nikamwondolea ile namba ya simu. Nikamwondolea kufungiwa. Nikampa nywila nyepesi, jina lake mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa anakaa kwenye mashine yoyote anayoikuta, nikamfungulia sehemu zote tatu. Mlinzi wako asiyejua undugu nilimfundisha undugu.

Najua unachofikiri sasa hivi. Unafikiri diski ipo. Ipo, Dada. Ni nzima, hawakuigusa, imeandika kila jioni mpaka jana. Lakini zoezi la Aprili Mama alikaa mbele ya mashine, akaweka vidole, akaniuliza, "Maneno gani?" La Mei sikulifanya. Nilikudanganya. Nilitaka kununua diski nyingine niweke maneno yangu, lakini ingebidi nikwambie kwa nini. Nikasema nisubiri, siku nzuri itarudi kama ile ya Machi, nitambembeleza siku hiyo hiyo. Kila wiki nikasema wiki ijayo.

Nipigie, nitukane. Nitapokea.

Mdogo wako


14 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeandika barua nyingine kabla ya hii nikazichana. Hii sitaisoma tena, nitaifunga hivi hivi ilivyo.

Diski usiiguse. Ichomoe, iweke kwenye kabati, ufunguo kaa nao wewe. Usimruhusu fundi yeyote wa mtaani akwambie anaweza kuifungua. Haifunguki. Niliichagua kwa sababu haifunguki. Nimewauliza wakubwa zangu hapa, watu ambao kazi yao ni kufungua vitu vya namna hii, wakanitazama kama mtu aliyefiwa. Mmoja akanisifia kwamba kazi niliyoifanya ni safi. Nilitoka nikaenda kulia chooni.

Ungeniambia! Mwezi wa pili ungeniambia, ningebadilisha kila kitu kwa karatasi moja. Ningeweka maneno kwenye bahasha kwa wakili, ningeweka kwenye kasha la benki, ningeweka popote. Nimekaa hapa nachora milango, nafikiria wezi wa kila aina, na mtu aliyenifungia nje ni ndugu yangu. Kampuni sawa, imepigwa. Lakini ulinificha mama yangu mwaka mzima. Nilikuwa nampigia kelele kwenye simu nikidhani ni masikio. Nilimcheka kwa habari ya koti.

Nimempigia jana baada ya kuongea na wewe. Nikamwomba maneno. Akaniambia kwa adabu kabisa kwamba binti yake amesema uso kwa uso. Nikamwambia Mama, mimi ndiye binti yako. Akasema, "Ndiyo mwanangu, haya mwanangu," akakupa simu.

Hilo anakumbuka. Kwa hiyo pengine na maneno yapo. Muulize taratibu, asubuhi, akiwa ameshakunywa chai, usimkazie macho. Wakaguzi wamekupa mpaka lini? Nimeomba ruhusa kazini, wananizungusha.

Sijakusamehe. Kula, lakini. Najua hauli.

Dada


27 Agosti

Dada, shikamoo.

Wakaguzi walikuja na makoti yao meupe. Ni watu wazuri, walivua viatu vya nje bila kuambiwa, wakatembea chumba hadi chumba. Mkubwa wao alikuwa anamfahamu Mama toka zamani. Ameniambia anajua dawa ni nzima, mkononi mwake anaihisi baridi, lakini hawezi kusaini kwa kuhisi. Nikimletea kumbukumbu kabla ya tarehe kumi Septemba, vyumba vinafunguliwa. Nisipomletea, lori litapeleka kila kitu kwenye tanuri.

Wafanyakazi wengi nimewaambia wakae nyumbani. Kipara anakuja kila siku, anafuta vioo vya lori ambalo haliendi popote.

Nimemuuliza Mama kama ulivyosema, baada ya chai. Siku ya kwanza akanipa maneno sita papo hapo, nikakimbia ofisini na pajama. Hayakufungua. Siku iliyofuata akanipa mengine. Nikagundua anataja vitu anavyoviona: kikombe, pazia, kiatu changu. Nilijaribu yote hata hivyo.

Juzi nikakosa uvumilivu. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia, Mama, kila kitu ulichojenga kinachomwa moto, nakuomba. Nikaanza kulia, Dada, mimi na ndevu zangu hizi. Akaniangalia. Nikaona macho yake yametulia, kama zamani kabisa, kama anataka kunipa kazi. Akanifuta uso kwa ukingo wa khanga yake akasema, "Binti yangu kanikataza. Hata ukilia."

Njoo, tafadhali. Nina hakika bado anayo. Au anakumbuka kukatazwa tu, sijui. Anayemsubiri ni wewe. Ukikaa mbele yake uso kwa uso atakwambia.

Mimi sitakuwepo. Naanza kuzunguka kwenye hospitali moja moja kuwaeleza kwamba watafute ghala jingine. Nimeona wasiambiwe kwa simu. Na kusema kweli naogopa kukutazama. Ufunguo wa kabati la diski nimeuacha kwa mhasibu, na jirani atakaa na Mama mpaka ufike.

Mdogo wako


9 Septemba

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea Kipara mwenyewe, amesema anakuja huko uliko, na kwamba lori lazima litembee angalau mara moja kabla ya kesho.

Nilifika jana mchana. Nilichukua ufunguo kwa mhasibu, nikaweka diski kwenye begi, nikaja kuunganisha kompyuta yangu mezani sebuleni kwa Mama, nikafungua ile sehemu nyeupe ya kuandika maneno sita. Kila kitu kilikuwa tayari. Mama alikuwa dirishani. Nilikuwa sijavua koti, nilikwenda nalo hivyo hivyo.

Amekonda. Hukuniandikia hilo pia.

Aliponiona alisimama, akanikaribisha kiti, akaniuliza kama nimetoka mbali. Akaniita, "Mgeni wangu." Nikapiga magoti, nikamshika mikono, nikamwambia Mama, ni mimi, nimekuja mwenyewe, uso kwa uso, kama tulivyopatana. Nikamwonyesha kovu la gotini nililolipata nilipoanguka kwenye ngazi za shule. Nikamwonyesha barua yake ya Machi. Akaisoma yote kwa sauti, vizuri, hakukosea neno, akanirudishia, akasema aliyeandika hii anampenda sana mwanawe.

Kisha akaligusa koti. Akalipapasa mkono, akageuza ukosi kuangalia bitana. Akasema, "Hili ndilo koti. Binti yangu nimemwambia anunue kama hili." Nikasema, ndiyo Mama, nimelinunua. Akasema, "Yuko mbali, kule baridi sana. Kuna maneno yake nimemtunzia."

Nikamuuliza ni maneno gani. Akatazama mlangoni, akatazama kompyuta, akainama akaninong'oneza kama tunavyonong'onezana sisi wanawake. Akasema nisikasirike, mimi naonekana mtu mzuri, lakini amekatazwa kumwambia mtu. Binti yake akija atamwambia.

Sikumuuliza tena. Wewe ulimuuliza vya kutosha, na niliona uso wake ulivyoanza kuhangaika, kama mtu anayejua kuna kitu kakosea asijue ni kipi. Nimefunga kompyuta. Mkubwa wa wakaguzi amepiga simu, nimemwambia aje na lori lake kesho, nitakuwepo kumfungulia vyumba. Nitasimama na wafanyakazi watakaokuja. Wewe maliza hospitali zako urudi nyumbani, usilale kwenye stendi. Sikasiriki tena, sina nguvu hizo.

Maneno yale mdogo wangu yamo humo humo kichwani mwake, au hayamo, sitajua kamwe. Nililolichora limefanya kazi kama nilivyotaka.

Sasa hivi ni alasiri. Mama hataki kutoka dirishani. Nimemuuliza huyo binti anakuja lini, akasema leo leo, ndiyo maana anaangalia njia. Akanisogezea kiti cha pili. Nimekaa na koti langu, tunamsubiri.

Dada yako